SOMO: Kupeleka wateja kwenye mashamba ya divai ya Cape, ukitokea Lubumbashi

Maswali yale yale yanarudi kila juma, kwa hiyo majibu nayaweka yote hapa. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla ya kuuliza.

1. Viza. Mkongomani anaihitaji kuingia Afrika Kusini. Usikate tiketi ya mtu kabla viza haijatoka.

2. Kadi ya njano. Chanjo ya homa ya manjano ipigwe siku 10 au zaidi kabla ya kusafiri.

3. Ndege. Uwanja wetu wa Luano hadi Johannesburg, halafu Cape Town. Siku ya kufika watu walale, hakuna kuonja.

4. Ratiba. Eneo moja kwa siku, mashamba matatu, yatosha. Anayeuza maeneo matatu kwa siku moja anauza dirisha la basi. Mimi huanzia Constantia kwa sababu iko ndani ya jiji lenyewe, na shamba la Groot Constantia ni la tangu 1685. Mteja anapata historia kabla ya glasi. Kesho yake Stellenbosch, kilomita 50 hivi, kwa divai nyekundu. Pinotage, zabibu ya divai nyekundu, ilizaliwa huko mwaka 1925, profesa Abraham Perold alipochanganya zabibu za Pinot Noir na Cinsaut. Siku ya tatu Franschhoek, bonde la Wahugenoti, Waprotestanti waliokimbia Ufaransa na kuanza kufika Cape kwa makundi mwaka 1688. Wateja wetu wanaosema Kifaransa wanafurahi sana kusoma vibao vya La Motte na Haute Cabrière. Pesa ikibaki, ongeza Hemel-en-Aarde karibu na Hermanus, ambako upepo wa bahari unapoza mizabibu. Robertson iko bara na kuna joto. Iwe na siku yake.

5. Gari. Hapa simama, soma polepole. Gari linalobeba watalii kwa malipo lazima liwe na kibali cha kazi hiyo, shoferi awe na leseni ya kubeba abiria, na anayeeleza mambo njiani awe mwongozaji aliyesajiliwa huko. Wewe uliyetoka Lubumbashi ni kiongozi wa kundi tu. Kundi langu liliwahi kusimamishwa kati ya Paarl na Franschhoek, jua la Februari, akina mama wamekaa kwenye majani pembeni ya barabara na vitenge vichwani. Kampuni ilikuwa imenitumia picha nzuri ya kibali, lakini namba iliyoandikwa pale ilikuwa ya gari lingine. Gari likazuiliwa, na siku nzima ya watu waliolipa ikaishia pale.

ONYO: linganisha namba ya gari iliyoandikwa kwenye kibali na namba ya gari lenyewe, asubuhi, kabla mtu hajapanda. Picha ya simu haitoshi.
ONYO: shoferi haonji hata tone. Kwa shoferi wa abiria kikomo cha sheria ni gramu 0.02 kwa mililita 100 za damu.

6. Mashamba. Waandikie mapema, utaje idadi ya watu na lugha.

7. Bei. Wateja wanalipa dola, wewe unalipa randi. Acha nafasi, randi haitulii.

MASWALI

Kijana wa Kamalondo: Mukubwa, ni bei gani mtu mmoja?
Jibu: Mwezi gani? Watu wangapi? Usiku ngapi? Bila hayo sina bei.

Kijana wa Kamalondo: Rafiki yangu anakaa Cape Town, ana gari. Si atuendeshe yeye?
Jibu: Namba 5. Isome tena.

Mama wa Kampemba: Aksanti yaya. Nina kundi la kanisa, wengine hawagusi pombe. Waende?
Jibu: Waende, mama, tena kwa furaha. Waombee juisi ya zabibu, na mashamba mengi yana chakula kizuri. Wapeleke Februari au Machi, waone zabibu zikivunwa. Kwetu ni mvua, kule ni kiangazi. Mvua yao ni Juni hadi Agosti, na baridi yake si mchezo. Wanaokunywa nao waambie siku ya kwanza kwamba kuonja divai na kuitema kwenye ndoo si utovu wa adabu. Watu wetu wanaona haya, wanameza zote, saa nane wamelala.

Mwalimu wa Likasi: Pinotage moja ilininukia kahawa, nyingine matunda tu. Kwa nini?
Jibu: Swali zuri sana, mwalimu. Harufu ya kahawa hutoka hasa kwenye mbao za mwaloni zilizochomwa sana, ambazo divai hukaa nazo. Omba wakumiminie zote mbili kwa pamoja, unuse moja baada ya nyingine.

Mama wa Kampemba: Na chupa za kurudi nazo?
Jibu: Ziviringe kwenye nguo, ndani ya valizi kubwa. Ukizibeba mkononi, zitachukuliwa Johannesburg: ndege ya kimataifa hairuhusu chombo cha zaidi ya mililita 100.

Mwalimu wa Likasi: Naongeza: soksi nzito, chupa moja kila soksi, shingo ielekee katikati ya valizi. Zangu zilifika zote.