Usiishie Kwenye "Mhola": Namna ya Kupima Nafuu ya Mgonjwa Baada ya Upasuaji

Wauguzi wenzangu wa wodi za upasuaji hapa Mwanza mnaijua hii. Unapita asubuhi, unamsalimia mzee, "Mwangaluka," unamuuliza hali, naye anajibu, "Mhola," yaani "salama" kwa Kisukuma. Unaandika kwenye faili "anaendelea vizuri", unasogea kitanda kinachofuata. Niliandika hivyo siku mbili mfululizo kwa mvuvi mmoja aliyepasuliwa tumbo. Asubuhi ya tatu mkewe alifungua hotipoti ya jana ili aioshe: ugali mzima, sato hajaguswa hata mkia. Nikafunua shuka. Tumbo limevimba, limekaza kama ngoma. Siku hiyohiyo alirudishwa chumba cha upasuaji, na namshukuru Mungu alipona. Mzee hakunidanganya. Aliitikia salamu.

Hatua ya 1: Pima kabla hajapasuliwa

Bila kujua alikotoka huwezi kusema amefika wapi. Muulize anafanya nini kwa siku ya kawaida, na uandike kwa maneno yake: anavuta nyavu za dagaa usiku kucha, anabeba ndoo mbili kutoka ziwani, anapanda mawe ya Bugarika bila kupumzika. Hicho ndicho kipimo chake. Ukikikosa siku hii, hutakipata tena kwa uhakika.

Hatua ya 2: Saa 24 za mwanzo

Presha, mapigo, upumuaji, joto, oksijeni, mkojo. Haya tunayafanya kila siku, sitayarefusha.

Hatua ya 3: Maumivu yapimwe mara mbili

Kipimo ni 0 hadi 10. Kwanza akiwa ametulia, kisha mwambie akohoe huku ameshikilia mshono. Aliyesema 2 akiwa amelala anaweza kusema 8 akikohoa, na hiyo 8 ndiyo inayomzuia kuvuta pumzi ndefu na kushuka kitandani. Asiyezoea namba, mwambie aonyeshe kwa vidole vya mikono yote miwili.

Hatua ya 4: Maswali 15

Dodoso la QoR-15 (kifupi cha Kiingereza cha "Quality of Recovery", yaani ubora wa kupona) lilichapishwa mwaka 2013, na linahusu saa 24 zilizopita. Maswali kumi yanagusa mambo mazuri: kupumua vizuri, kufurahia chakula, kulala, kujisafisha mwenyewe, kuongea na ndugu. Matano yanagusa mabaya: maumivu ya wastani, maumivu makali, kichefuchefu au kutapika, wasiwasi, huzuni. Kila swali lina alama 0 hadi 10, jumla 150.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: kwenye yale matano alama zinageuzwa. Hakutapika kabisa, anapata 10. Ukisahau, mgonjwa mahututi ataonekana mzima.

Chukua mfano huu. Kabla ya upasuaji 128, siku ya kwanza 84, ya pili 97, ya tatu 88. Tofauti ya pointi 6 au zaidi huhesabiwa kuwa na maana kwa mgonjwa mwenyewe. Kwa hiyo aliyepanda kisha akashuka pointi 9, hata kama anatabasamu, mrudie kitandani, mpapase tumbo, mwite daktari.

Kama anaelewa Kisukuma tu, mkalimani awe yuleyule kila siku, na maneno yawe yaleyale. Na mwombe mama watoto, kwa upole, amwache mgonjwa ajibu mwenyewe. Nimeona wake wakijibu maswali yote 15 kwa niaba ya waume zao.

Hatua ya 5: Mwone akifanya

Usiulize kama ametembea, tembea naye. Hesabu hatua hadi mlango wa choo na uandike kama alishika ukuta. Muulize kama ametoa hewa, kama amepata choo. Tumbo likipasuliwa, swali hili halina aibu. Na hotipoti, ifunue.

Hatua ya 6: Akisharudi nyumbani

Maambukizi ya kidonda hufuatiliwa kwa siku 30, na mengi hujitokeza mgonjwa akiwa ameshatoka wodini. Kwa anayevuka kwa kivuko kurudi Ukerewe, kuja kliniki ni nauli na siku nzima ya kazi, kwa hiyo chukua namba mbili za simu kabla hajaondoka, yake na ya jirani. Piga siku ya 7, ya 14 na ya 30. Uliza kuhusu usaha, harufu, joto la mwili, mshono kuachia. Jibu likikutia shaka, aje siku hiyo, asingoje kliniki.

Siku ya 30, fungua ukurasa wa hatua ya 1 na umsomee alichokuambia. "Mzee, nyavu umeshaanza kuvuta?" "Mama, ndoo ngapi leo?" Andika jibu kando ya lile la kwanza, pamoja na tarehe.