Kabla hujapanda bustani Dodoma, anza na maji

Kila anayehamia Dodoma anataka bustani mwaka wa kwanza. Kiwanja kipana, jua la kumwaga, udongo mwekundu unaovutia macho. Basi ananunua jembe, mpira wa maji na pakiti za mbegu siku hiyo hiyo. Subiri kwanza. Kuna mambo ya kuweka sawa kabla hujafungua hizo pakiti, na mengine ukiyakosea hakuna mbolea itakayokuokoa.

Uzio utangulie mbegu. Mbuzi wa Dodoma hawana adabu, na kuku wa jirani wanafukua tuta lililotoka kumwagiliwa kabla ya saa moja asubuhi. Minyaa ni uzio wa bei rahisi na haudai maji, ila utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali, kwa hiyo usiwaachie watoto kazi ya kuukata.

Matuta ya kuinuka waachie watu wa Bukoba wenye mvua. Hapa tuta linazamishwa, sentimita 15 au 20 chini ya njia, ili tone linaloanguka libaki linapotakiwa. Samadi iwe imeoza kweli. Ile ya bomani huwa kavu juu na mbichi chini. Ukiingiza mkono ukakuta joto, iache. Mbegu nunua zilizofungwa, zenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu nchini, na usome tarehe.

Halafu piga hesabu ya ndoo. Mvua zetu ni za msimu mmoja: zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, zinakwisha Aprili, na kwa mwaka ni kama milimita 500 hadi 600 tu. Mara nyingi Februari zinakata katikati, mche usio na maji ya akiba unakauka hapo hapo. Kipindi cha jua kali mita moja ya mraba ya mboga inataka lita nne au tano kwa siku. Tuta la mita 1 kwa 10 ni ndoo mbili hadi mbili na nusu za lita 20, kila siku, pamoja na ile siku ambayo bomba halitoki. Ukubwa wa bustani uamuliwe na ratiba ya mgao mtaani kwako, siyo na ukubwa wa kiwanja.

Wengi wakifika hapo wanasema, "Mimi nitachimba kisima." Hapo ndipo nataka unisikilize vizuri.

Jirani yetu mmoja, mwalimu mstaafu, alichimba kisima. Maji yakatoka mengi, meupe, tukaenda kumpongeza. Akapanda maharage, karoti, sukuma wiki na spinachi. Maharage yakaota kwa mapengo, na yaliyoota yakawa yanaungua kingo za majani, rangi ya kahawia, huku udongo chini umelowa. Akadhani ni jua, akaongeza maji. Duka la pembejeo likamwambia mimea ina njaa, akauziwa urea. Mtu mwingine akamshauri majivu, akamwaga majivu. Siku napita pale asubuhi nikaona tuta limeota utando mweupe kama mtu kalinyunyizia unga.

"Mwalimu, haya maji umeyaonja?"

"Nayaonja ya nini, mama? Mboga si hainywi chai."

Nikachukua kikombe. Chumvi. Si ya kutapika, ni ile ya kukukunjisha uso kidogo, na inatosha. Sehemu nyingi za Dodoma maji ya chini ya ardhi yana chumvi, na jua letu linavuta maji juu, chumvi inabaki. Ukimwagilia kidogo kidogo kila jioni, unaipandisha na kuirundika pale pale kwenye mizizi, mpaka mmea unashindwa kunywa ingawa umesimama kwenye tope. Na mbolea nyingi za dukani nazo zinaongeza chumvi. Yale majivu na ile urea vilikuwa vinamalizia kazi. Maharage yote yalikufa, karoti zikafuata. Spinachi peke yake ilisimama.

Kwa hiyo kabla hujamwita mchimbaji, nenda kwa majirani wenye visima ukaonje maji yao. Tazama birika lao ndani, uliza sabuni inatoa povu au haitoi. Ukishapata maji yako, panda maharage kwenye makopo mawili yenye udongo ule ule: moja limwagilie maji ya mvua, jingine ya kisima. Wiki tatu zitakupa jibu. Maabara ikiwepo karibu, peleka chupa, ni bora zaidi.

Maji yakiwa na chumvi kidogo, bustani bado inawezekana. Kitalu kipate maji ya mvua tu, maana mche mchanga ndio dhaifu kuliko wote. Mwagilia kwa kushibisha, kisha upumzishe, chumvi ishuke chini ya mizizi. Maji yasiguse majani. Panda spinachi na bitiruti. Maharage, karoti na vitunguu nunua sokoni, hakuna aibu. Na weka mifereji kwenye paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita 80 za mraba likipata milimita 500 ni lita 40,000, na hata ukipoteza robo njiani bado zinabaki 30,000. Tangi la lita 5,000 linajaa kwa mvua chache tu nzito.

Miti nayo ina masharti yake. Mlonge upande mbegu pale pale utakapokaa, hautaki kuhamishwa. Papai panda matatu shimo moja, usubiri maua, ung'oe madume yaliyozidi. Zabibu ni fahari ya hapa na miche utaipata kwa watafiti wa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kituo cha Makutupora, lakini kama huna mkono wa kupogoa na kuchungulia ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu, kila wiki wakati wa mvua, utabaki na kivuli cha majani tu.

Mengine ni ya kawaida, ila watu wanaumia nayo. Mpira uliolala juani saa saba una maji ya moto, yamwage pembeni kwanza. Dawa ya wadudu isomwe siku za kusubiri kabla ya kuchuma, na chupa yake isigeuzwe ya mafuta ya kula. Ukitandaza majani makavu, ujue umewaalika mchwa, na wakati mwingine nyoka, kwa hiyo fimbo itangulie mkono. Na tangi lifunikwe, kuna mbu na kuna watoto.