Kontena la Zamani au Nyumba Mpya ya Paneli: Namna ya Kukagua na Kuamua

Mtu aliyekodi kiwanja kwa miaka michache, au anayetafuta pa kujisitiri wakati nyumba yake ya matofali inapanda taratibu, hukutana na njia mbili za kupata makazi yanayohamishika: kununua kontena ambalo tayari liliwahi kugeuzwa chumba au ofisi na kulikarabati, au kuagiza nyumba mpya ya paneli, yaani vipande vya ukuta vya mabati mawili yaliyobana povu au pamba katikati, inayofungwa kwa bolti. Ninayoandika hapa yanamhusu zaidi mkazi wa Pwani, kuanzia Lamu mpaka Mtwara, kwa kuwa chumvi na joto la huku ndivyo vinavyoamua mambo mengi, ila msomaji wa bara nitamkumbuka pale hali yake inapotofautiana.

Ukaguzi wa kontena huanzia nje, mlangoni, kwa sababu hapo ndipo palipogongelewa kibati cha usalama chenye mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Makontena mengi huuzwa baada ya kutumika baharini kwa miaka 10 hadi 15, kwa hiyo muuzaji anayeapa kuwa mali yake ni kama mpya unaweza kumsikiliza huku macho yako yakisoma kibati. Mara nyingi kibati hicho hueleza pia dawa ya wadudu iliyotiwa kwenye mbao za sakafu, jambo nitakalolirudia. Pima nafasi ya ndani kwa utepe, usiridhike na vipimo vya nje. Kontena la kawaida la futi 20 lina urefu wa mita 6.06 na upana wa mita 2.44 kwa nje, lakini ndani upana wake ni takriban mita 2.35, na kutoka sakafuni hadi darini ni takriban mita 2.39. Yapo makontena marefu kwenda juu, yenye kimo cha nje cha mita 2.90, ambayo hukuongezea takriban sentimita 30 za hewa juu ya kichwa. Ukilipata la namna hiyo likiwa zima, ligombanie.

Mzigo wa kontena hubebwa na nguzo nne za pembeni pamoja na mihimili inayoziunganisha, na yale mabati yenye mikunjo, ambayo unene wake ni milimita 2 au pungufu kidogo, ndiyo yanayoizuia fremu isiyumbe. Aliyekata ukuta ili kuweka dirisha kubwa bila kuchomelea fremu ya chuma kuzunguka tundu hilo amelidhoofisha sanduku zima, na dalili yake utaiona juu, ambapo paa hulegea katikati na maji ya mvua hutuama. Vuta uzi kutoka pembe hadi pembe ya mhimili wa juu uone kama umepinda. Kisha pima tundu la mlango kwa mshazari, kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, halafu upande wa pili. Vipimo hivyo viwili vikipishana kwa zaidi ya sentimita moja, mimi hushuku kwamba kontena liliwahi kuangushwa au lilikatwa ovyo.

Baada ya hapo ingia ndani saa sita mchana, funga milango, ziba madirisha kwa turubai na usubiri dakika mbili mpaka macho yazoee giza. Kila tundu la kutu lililopo kwenye paa litang'aa kama nyota, nawe utayahesabu bila kubishana na mtu. Tatizo ni kwamba kontena lililokwisha kuvalishwa jipsamu au mbao kwa ndani halikubali kipimo hiki. Omba ufunguliwe ubao mmoja wa dari na mwingine wa ukutani, karibu na sakafu, kwenye kona iliyo mbali zaidi na mlango. Muuzaji akikataa, shika njia.

Somo la sakafu nililipata kwa gharama. Kontena langu la kwanza lilikuwa na zulia la plastiki jipya kabisa, lililotandikwa, kama nilivyokuja kugundua, wiki ile ile niliyokwenda kuliona. Mwezi wa tatu mguu wa kitanda ukazama. Nilipolifunua zulia na kuchomeka bisibisi kwenye plaiwudi, iliingia mpaka kwenye mpini pasipo kusukumwa, kwa sababu ubao wa milimita 28 ulikuwa umelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Chini yake, mihimili ya kukatiza inayoshikilia sakafu ilikuwa imeliwa na kutu kiasi kwamba nilipoigonga kwa nyundo ilibanduka kwa matabaka, ikianguka mchangani kama maganda ya mti. Tangu siku hiyo sinunui kontena ambalo sijalala chini yake na tochi. Mhimili mmoja au miwili iliyooza fundi wa kuchomelea ataibadilisha kwa siku moja. Ikiwa imeoza zaidi ya theluthi, achana nalo, hata kama kuta zinang'aa kwa rangi.

Kuhusu ile dawa, mbao za sakafu za makontena hutiwa sumu ya wadudu ili meli zisisafirishe mchwa na dumuzi kutoka nchi moja hadi nyingine, na watengenezaji hawakukusudia kwamba mtoto atatambaa juu yake. Ukiweza, ng'oa plaiwudi yote na kuweka mpya. Usipoweza, ipake rangi ya epoksi tabaka mbili, iache ikauke kabisa, ndipo utandike sakafu nyingine juu yake. Mbao ulizozing'oa usizigeuze kuni, wala usimpe jirani akapikie.

Ukishalikubali umbo la kontena, kazi kubwa inayobaki ni joto, na hapa ndipo bajeti nyingi hupotea. Bati lililopigwa na jua la mchana halishikiki kwa mkono, na feni huzungusha joto lile lile tu. Kabla ya kufikiria kiyoyozi, jenga paa la pili la mabati juu ya kontena, lililoinuliwa nusu mita hivi, lenye mchirizi wa kutosha pande zote, ili upepo upite katikati na jua lisiguse paa la chuma. Lipange kontena kwa kuelekeza pande zake ndefu kaskazini na kusini, kwa kuwa jua letu kali la asubuhi na la alasiri hupiga mashariki na magharibi. Kata matundu ya hewa yanayotazamana, moja chini upande wa upepo na jingine juu upande wa pili. Ndipo uvalishe kuta kwa ndani. Pamba ya mawe (nyuzi zinazotengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa) au povu la milimita 50 kila upande, pamoja na ubao wa kufunikia, litapunguza upana wa chumba mpaka takriban mita 2.2, nawe upime kitanda chako kabla, si baada. Kwa wakazi wa nyanda za juu, kama Arusha, Mbeya au Limuru, adui ni baridi ya usiku: mvuke wa pumzi na wa kupikia hugeuka matone kwenye bati na kulowesha pamba, kwa hiyo huko karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu huwekwa upande wa chumbani na viungo vyake hufungwa vizuri kwa utepe.

Kutu ikwanguliwe kwa brashi ya waya au grinda mpaka chuma kionekane, kisha ipakwe rangi ya chini ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, maana hewa ya bahari haisubiri kesho. Fundi avae barakoa, kwa sababu rangi za zamani za makontena zinaweza kuwa na madini ya risasi. Umeme usiuchezee hata kidogo: sanduku zima ni chuma, na waya mmoja uliochubuka hufanya kuta zote ziwe na umeme. Mwili wa kontena uunganishwe na ethi iliyochimbiwa ardhini, waya zote zipite ndani ya mabomba, na kwenye boksi kuu kiwekwe kifaa cha kukata umeme unapovuja.

Nyumba mpya ya paneli haina mengi ya kukagua, lakini ina maswali yake. Paneli ni mabati mawili membamba, kwa kawaida nusu milimita au pungufu, yaliyobana kitu katikati, na kitu hicho ndicho unachonunua. Lile povu jeupe la chembechembe, kama linalokuja na televisheni mpya, ndilo la bei nafuu. Huzuia joto vizuri, ila huyeyuka na kuwaka motoni, na mchwa na sisimizi hulitoboa wakafanya makazi. Povu la poliyurethani la milimita 50 hufanya kazi inayokaribia ya povu jeupe la milimita 80, nalo pia huungua na moshi wake ni sumu. Pamba ya mawe haiwaki. Ni nzito na ni ghali zaidi, lakini kwa ukuta wa jikoni mimi singeweka kitu kingine. Muulize muuzaji unene wa bati, si wa paneli peke yake, na muulize fremu imepakwa zinki kwa kuchovywa au imepigwa rangi tu, kwa sababu mita mia chache kutoka ufukweni rangi tupu haimalizi miaka mingi. Kingo zilizokatwa ndizo zinazoanza kuoza, kwa hiyo zifunikwe kwa kona za bati na silikoni.

Usichanganye paneli hizi na zile za povu lenye wavu wa waya zinazopigwa plasta ya saruji pande zote mbili, kama zinazotengenezwa na Shirika la Nyumba la Taifa la Kenya katika kiwanda chake cha Mlolongo. Hizo hujenga nyumba nzuri ya kudumu, lakini ukishapiga plasta hakuna kuhama. Uepesi wa nyumba ya paneli nao una pande mbili: hubebwa vipande vipande na lori la kawaida na kufungwa bila kreni, lakini usipoifunga chini kwa bolti za zege, dhoruba itaiyumbisha, ilhali kontena tupu la futi 20, lenye zaidi ya tani 2, hutulia lenyewe. Kila inapofunguliwa na kufungwa tena, matundu ya skrubu hulegea na mpira wa viungo huchakaa. Anayejua atahama mara tatu au nne ana sababu nzuri ya kupenda kontena.

Karatasi zisisahaulike. Makontena mengi huingia nchini kwa muda tu, yakiwa vyombo vya kubebea mizigo, kwa hiyo dai hati inayoonyesha kwamba hilo limelipiwa ushuru wa forodha kabla ya kuuzwa. Usidhani pia kwamba nyumba isiyo na msingi haihitaji kibali; nenda halmashauri au kaunti kabla ya kutoa arubuni, na mwenye kiwanja akuandikie kwamba nyumba ni yako na utaondoka nayo.

Hesabu ifanywe kwa bei ya kufikishwa kiwanjani. Kwa kontena jumlisha kununua, lori lenye kreni, nguzo fupi za zege, vyuma, paa la pili, kuvalisha ndani, umeme na fundi, halafu ongeza sehemu moja ya tano kwa yale utakayoyakuta ukishafungua kuta. Kwa nyumba ya paneli jumlisha bei, usafiri, jamvi la zege na malipo ya wafungaji. Jumla ya kontena ikivuka theluthi mbili za jumla ya nyumba mpya, mimi huchukua mpya, kwa sababu ile theluthi iliyobaki huisha kwenye rangi na kutu ndani ya miaka michache. Ikiwa chini ya hapo, nguzo nne ni nzima na mihimili ya chini inalia chuma ukiigonga, karabati bila wasiwasi.

Siku ya kushusha kontena, usimlipe mwenye kreni mpaka ufungue na kufunga milango yote miwili kwa mkono mmoja. Mlango ukikwama, pembe moja imekaa chini kuliko nyingine, na kuinyanyua kwa kipande cha bati zito wakati kreni bado ipo ni kazi ya dakika kumi.