Somo: Ng'oa ukoka, panda chakula (kwa wakazi wa Dodoma)

Ndugu zangu, ukoka wa mita 10 kwa 10 ukiumwagilia milimita 5 tu umekunywa lita 500. Na mvua yetu inaanza Desemba, inakata Aprili. Baada ya hapo ni boza au kuvizia bomba. Maji hayo yaende kwenye kinacholiwa.

Hatua ya 1: Kung'oa. Fanya Septemba au Oktoba, jua likiwa kali. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Ukoka hutambaa chini ya udongo, na kila kipande kinachobaki huchipua, kwa hiyo usiukatekate kwa jembe la kawaida. Tumia jembe uma, inua udongo, vuta nyuzi zake nzimanzima, zianike mpaka zikauke kabisa. Rudia baada ya wiki mbili. Ukiharakisha hapa, utapalilia ukoka mpaka uchoke.

Hatua ya 2: Mashimo. Wakulima wa kijiji cha Chololo, hapahapa Dodoma, wametupa njia nzuri sana: shimo la upana wa sm 22 hivi na kina cha sm 30, sm 60 kutoka shimo hadi shimo, sm 90 kati ya mistari. Udongo uliotoka uzungushie shimo. Ndani weka samadi iliyooza, mabua, na majivu kidogo kwa ajili ya mchwa. Mvua ikinyesha, maji yanazama palepale badala ya kukimbilia barabarani.

Hatua ya 3: Maji ya paa yaelekeze huko. Bati la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 20 hushusha takriban lita 1,200.

Hatua ya 4: Kupanda. Mbaazi kwanza; mizizi yake huenda chini, na huzaa hata mvua zikishakata. Chini yake tandaza viazi vitamu: unachuma matembele, na kivuli chake kinaunyima ukoka jua. Kunde, mlenda na mgagani panda mvua za kwanza. Pembeni weka mkomamanga na mlonge. Mlonge ukate uwe usawa wa kifua, majani yafikike.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, naomba kuuliza: maji ya kufulia yanafaa?
Ya suuza ya mwisho yanafaa, kwenye shina la mlonge au mkomamanga. Mboga za majani usizimwagie. Yenye dawa ya madoa yasiingie bustanini kabisa.

Shikamoo. Nimepanga, na mwenye nyumba hataki miti.
Marahaba. Panda kunde, mlenda na matembele. Ila omba ruhusa kabla ya kugusa ukoka wake.

Na zabibu je? Si ndiyo zao letu?
Ni letu, lakini linataka kumwagiliwa kiangazi, kupogolewa na dawa ya ukungu. Panda mche mmoja karibu na jiko, uupandishe kwenye kichanja. Miwili ikikushawishi, pima kwanza maji ya tangi lako mwezi wa Oktoba.