Kuifuata timu Moroko: piga kambi Rabat, mengine iachie treni

Kosa kubwa hufanyika droo ikitoka tu. Shabiki anaona timu yake inaanzia Fes, anakimbilia kulipia chumba Fes wiki nzima. Kwenye AFCON 2025 Taifa Stars walicheza na Nigeria Fes tarehe 23 Desemba, na baada ya hapo hawakurudi tena: Uganda, Tunisia, kisha wenyeji Moroko kwenye 16 bora tarehe 4 Januari, zote Rabat. Aliyelala Rabat alisafiri mara moja tu.

Miji ilikuwa sita: Rabat, Casablanca, Tangier, Fes, Marrakech na Agadir. Ndiyo hiyo hiyo iliyopangwa kwa upande wa Moroko kwenye Kombe la Dunia 2030. Mitano ina reli, na Rabat iko katikati. Kutoka hapo, Casablanca ni kama saa moja kwa treni ya kawaida, Fes saa mbili na nusu hadi tatu, Marrakech karibu nne. Tangier unafika kwa saa moja na dakika ishirini hivi ukipanda Al Boraq, treni ya mwendokasi inayofika kilomita 320 kwa saa.

Al Boraq ina mitego yake miwili. Rabat inasimama kituo cha Agdal, si Rabat Ville cha katikati ya mji. Ukisubiri Ville itakupita. Pia mwisho wake ni Casa Voyageurs, kwa hiyo wa Marrakech anabadilisha treni hapo, na anayetoka Tangier kwenda Fes anabadilishia Kenitra. Ujenzi wa kuifikisha Marrakech ulizinduliwa Aprili 2025, hivyo kabla ya 2030 angalia ratiba upya. Tiketi unanunua kwenye programu ya shirika la reli, ONCF, au dirishani kituoni. Kwa siku ya mechi kata mapema, na kama mfuko unaruhusu chukua daraja la kwanza: unapewa nambari ya kiti.

Agadir haina reli. Treni inaishia Marrakech, halafu basi la Supratours au CTM, saa tatu na zaidi. Mechi ya Agadir ihesabu kama safari ya siku mbili, usijidanganye.

Kinachowaumiza watu ni kurudi, si kwenda. Mechi ya saa 20:00, yaani saa mbili usiku, inaisha karibu saa nne. Ikiwa ni ya mtoano, weka dakika 30 za nyongeza na penalti, unatoka uwanjani saa tano ikigonga, na treni nyingi zimeshalala. Kwa hiyo mechi ya mchana nenda na urudi. Ya usiku mji wa mbali, lipia chumba cha usiku mmoja karibu na kituo cha treni, begi kubwa liache Rabat. Na simu ijirekebishe saa yenyewe: Moroko iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili.

Fes inataka neno lake. Mji wa kale unavutia kwenye picha, ila magari hayaingii ndani. Ukifika usiku na begi la magurudumu utalikokota kwenye vichochoro vya mawe, ramani ya simu ikikuzungusha. Uwanja wenyewe uko nje ya mji, barabara ya Sefrou. Lala mji mpya, mji wa kale utembelee asubuhi.

Rabat pekee ilikuwa na viwanja vinne, na mechi tatu za Stars hapo zilichezwa viwanja vitatu tofauti: Al Medina, Olimpiki na Prince Moulay Abdellah. Ukimwambia dereva "stade" tu, atakupeleka anakojua yeye. Mwonyeshe jina kamili kwenye tiketi.

Teksi ndogo za mjini ni za buluu Rabat, nyekundu Casablanca. Sheria yake ni abiria watatu. Mkiwa wanne tafuteni mbili, msibishane. Sema "compteur" kabla gari halijaondoka, maana ndiyo mita. Usiku nauli huongezeka kwa nusu, hiyo ni halali na si wizi. Dereva akimpakia mwingine njiani pia ni kawaida. Baada ya mechi usigombanie teksi getini: tembea kilomita moja au mbili kuelekea mjini, ndipo usimamishe.

Kitambulisho cha shabiki kilikuwa lazima AFCON, na kilipatikana kwenye programu ya Yalla. Bila hicho, tiketi ya mechi hukupata. Kamilisha mambo hayo kabla ya kununua tiketi ya ndege.

Beba adapta: soketi za huko ni za pini mbili za mviringo, chaja yako ya pini tatu bapa haitaingia. Droni acha nyumbani, forodha wataizuia. Desemba Fes ni baridi kali usiku, na jukwaani hakuna hita.

Pesa nenda na dola au yuro, shilingi usitegemee kuibadilisha huko. Dola moja imekuwa ikizunguka dirhamu 9 hadi 10. Badilisha kidogo kidogo na utunze risiti, maana ukiondoka huruhusiwi kutoka na zaidi ya dirhamu 2,000, na nyumbani ni wachache watakaozinunua.