Kubadilisha klachi ya mafuta kuwa ya kebo unapohamisha injini

Mara nyingine injini mpya ikishakaa mahali pake, manifoldi yake (mabomba ya hewa au moshi) hujaza nafasi ileile iliyokuwa ya masta ya klachi, yaani silinda ya kwenye pedali inayosukuma mafuta, na mwenye gari hubaki na giaboksi nzuri asiyoweza kuitumia. Kazi ya kubadilisha klachi iwe ya kebo nimeifanya mara kadhaa katika karakana yangu hapa Nakuru. Kinachowashinda mafundi wengi si kuchomelea bali mwelekeo: mafuta husukuma ilhali kebo huvuta, na ni lazima ugeuze mambo kwenye pedali na kwenye uma wa giaboksi pia, yaani mkono unaosukuma beringi ya klachi.

Ikiwa shida yako ni masta inayovuja tu, badilisha mipira yake na uendelee na safari. Na kama giaboksi ina silinda iliyofichwa ndani ya belhauzi (ganda linalofunika klachi kati ya injini na giaboksi), ikizunguka shafti, usianze kazi hii kabla ya kupata belhauzi yenye uma wa nje.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kufungua chochote. Andika kipenyo cha masta, kipenyo cha slevu (silinda ya kwenye giaboksi inayosukuma uma) na umbali ambao fimbo ya masta husafiri pedali ikikanyagwa hadi chini. Katika gari moja nililolifanyia kazi, masta ilikuwa ya milimita 15.9, slevu ya milimita 19, na fimbo ilisafiri milimita 25. Gawanya kipenyo cha masta kwa cha slevu, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha zidisha kwa mwendo wa fimbo: utapata kama milimita 17.5. Huo ndio mwendo ambao kebo yako inapaswa kuupa uma.

Hatua ya 2: Ondoa masta, bomba na slevu. Magari mengi hutumia kikopo kimoja cha mafuta kwa breki na klachi. Kwa hiyo ziba kabisa tundu la upande wa klachi, la sivyo utapoteza mafuta ya breki. Yakimwagika kwenye rangi, yaoshe kwa maji papo hapo.

Hatua ya 3: Geuza pedali. Pedali inayoning'inia husukuma fimbo ya masta kwa sababu fimbo imefungwa chini ya pini ya egemeo. Kebo inataka kuvutwa kuelekea kwa dereva, kwa hiyo chomelea mkono mfupi unaopanda juu ya pini. Mguu ukienda mbele, mkono huo unarudi nyuma. Urefu wake haukisiwi. Katika gari lile, pedali ilikuwa na milimita 300 kutoka kwenye pini hadi mahali pa mguu, na mguu ulisafiri milimita 150. Ili kupata 17.5, mkono ulipaswa kuwa na milimita 35 hivi. Ukiurefusha hadi 50 kwa kudhani utasaidia, klachi itakuwa nzito na uma utasukumwa kupita kiasi.

Hatua ya 4: Imarisha bati kati ya injini na kabini. Kwa vipimo hivyo, mguu unaokanyaga kwa kilo 12 huzaa mvuto wa kilo 100 hivi, na ganda la kebo huukandamiza mvuto huo wote juu ya bati jembamba. Weka pande zote mbili vipande vya chuma cha milimita 3, uvibane kwa bolti.

Hatua ya 5: Tengeneza braketi ya giaboksi. Braketi ifungwe kwenye bolti za belhauzi, kamwe si kwenye chasi, kwa sababu injini hutikisika juu ya maunti zake (mipira inayoibeba) na klachi itarukaruka unapoondoka. Katika giaboksi iliyolala kwa urefu wa gari, slevu ikiwa ilisukuma uma kuelekea nyuma, braketi hukaa nyuma ya uma na kebo huja moja kwa moja. Ikiwa ilisukuma kuelekea mbele, itabidi kebo ipite uma, ikunje kwa upana na kurudi kutoka mbele. Ongeza springi ndogo ya kurudisha uma.

Hatua ya 6: Pitisha kebo. Iepushe na ekzosti, na usiruhusu kona kali. Nakuru jina lake lenyewe linatokana na neno la Kimaasai la vumbi, hivyo mpira wa kufunika ncha ya ganda si pambo.

Hapa niliwahi kufanya kosa. Gari lilirudi baada ya siku chache klachi ikiwa ngumu kama jiwe. Nilipochomoa kebo, plastiki ya ndani ilikuwa imeyeyuka na kugandamana na waya. Nilikuwa nimesahau waya wa athi, yaani wa kurudisha umeme, kati ya injini na bodi, na umeme wa stata ulikuwa ukirudi kupitia kebo. Funga waya huo kabla ya kuwasha injini hata mara moja.

Hatua ya 7: Rekebisha na ujaribu. Kaza nati hadi pedali iwe na pleyi ya milimita 15 hadi 20, yaani mwendo wa bure kabla ya beringi kugusa klachi. Injini ikiwa inanguruma taratibu, kanyaga hadi chini, subiri kidogo, kisha ingiza rivasi: isipige kelele. Mimi humalizia kwenye mlima wa kwenda Menengai, nikisimama na kuondoka mara kadhaa. Klachi ya kebo haijirekebishi kama ya mafuta. Diski ikilika, pleyi hupungua, basi ipime kila unapobadilisha oili ya injini na ulegeze nati kabla haijaisha.