Jinsi ya kumpima mtu aliyepata kiharusi akiwa nyumbani kwake: hatua kwa hatua kutoka kwa mtu wa tiba kwa vitendo

Habari zenu. Naandika hii kwa watu wawili. Wa kwanza ni mwenzangu wa tiba kwa vitendo (wengi wanatuita OT, kazi yetu ni kumsaidia mgonjwa arudi kufanya shughuli zake za kila siku) ambaye ndo anaanza kuwafuata wagonjwa majumbani. Wa pili ni wewe ndugu ambaye hospitali wamekuruhusia mgonjwa wako na mfuko wa dawa na kadi ya kliniki, halafu umefika nyumbani hujui uanzie wapi. Nafanya kazi Tanzania kwa hiyo mifano yangu ni ya huku, choo cha shimo, jiko la mkaa, kanga na ndoo, maana fomu nyingi tunazotumia zimeandikwa na watu wenye bafu la ndani na maji ya moto ya bomba.

Kabla ya yote shika hili moja. Kila kitu utakachopima kina majibu mawili, ANAWEZA nini na ANAFANYA nini, na kwenye nyumba nyingi hayo majibu yameachana mbali sana. Mzee anaweza kabisa kujiosha uso kwa mkono wake mzima, lakini kila asubuhi binti yake anamletea kitambaa cha uvuguvugu na kumfuta, kwa mapenzi kabisa, na mzee keshazoea. Wakati huohuo ubongo baada ya kiharusi unajipanga upya kwa kutumiwa, mkono usiopewa kazi unazidi kusahaulika. Miezi 3 ya mwanzo ndo mabadiliko yanakuja kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote, hadi miezi 6 bado yapo mengi, na baada ya hapo yanaendelea ila polepole. Ndo maana inaniuma sana nikikuta miezi hiyo imeishia kitandani mtu analishwa.

HATUA YA 1: Panga saa ya kwenda

Nenda saa ambayo mgonjwa anaamka, anaenda choo na kuoga, yaani saa 12 na nusu au saa 1 asubuhi. Ukifika saa 4 utamkuta ameshaogeshwa, amevalishwa, amekalishwa sebuleni anakusubiri kama mgeni rasmi, na utaishia kuuliza maswali tu. Beba mashine ya presha, tepu ya kupimia kama ya fundi, karatasi na kalamu, fomu ya Barthel (ya kuangalia mtu anajihudumia kiasi gani, nitaieleza Hatua ya 5), na mkanda mpana imara wa kumfunga kiunoni wakati wa kusimama. Halafu ingia na adabu za nyumba, vua viatu, msalimie mgonjwa kwanza kabla ya waliomzunguka, shikamoo yake mpe hata kama hawezi kuitikia.

HATUA YA 2: Usalama kwanza

Pima presha, ulize dawa kanywa lini. Ukiona mdomo umeanza kwenda upande leo, au mkono umelegea zaidi ya jana, au maneno yameharibika ghafla, hapo hakuna tathmini, ni hospitali saa hiyohiyo. Uliza pia kama anapaliwa akinywa maji au sauti inabadilika inakuwa kama ina majimaji baada ya kumeza. Kama ndiyo, usimpe chochote cha kula kwa ajili ya kumpima, apelekwe akaangaliwe kumeza, kwa sababu chakula kikiingia njia ya hewa kinaleta nimonia na nimonia inaua watu hawa.

Halafu angalia bega la upande uliopooza. Bega hili misuli yake imelegea, mfupa unaweza kushuka ukaacha pengo unalolihisi kwa kidole, na kinachoumiza zaidi ni ule mtindo wetu wa kumnyanyua mtu kwa kumshika kwapani au kumvuta mkono. Nawaomba sana, acheni. Mshike kiunoni kwenye mkanda, simama upande wake dhaifu, ajisukume mwenyewe na mguu mzima. Akihama kitandani kwenda kwenye kiti, kiti kiwe upande wake mzima.

HATUA YA 3: Ongea naye, yeye

Mtoto mkubwa atataka kujibu yote. Mwombe kwa heshima asubiri zamu yake. Mwambie mgonjwa, "Mama, kabla hujaugua siku yako ilikuwaje, tangu unafumbua macho hadi unalala?" halafu nyamaza umwache. Kama maneno hayatoki tumia picha, tumia vitu vyenyewe, aonyeshe kwa kidole, akubali au akatae kwa kichwa, ila hakikisha kwanza ndiyo yake ni ndiyo kweli (muulize kitu unachokijua, mfano kama yeye ni mwanaume).

Kuna kipimo cha Wakanada kinaitwa COPM, kilitoka mwaka 1991, na mimi nakipenda kwa sababu kinaanza na anachotaka mgonjwa. Anachagua mambo hadi 5 yanayomsumbua zaidi, kila moja analipa alama 1 hadi 10, anavyolifanya sasa na anavyoridhika nalo. Bibi ambaye hakusoma atakwambia alama za nini tena, basi weka punje 10 za maharage mezani, mwambie kumi ni kama zamani, moja ni haiwezekani kabisa, asogeze mwenyewe. Inafanya kazi vizuri mno.

Usishangae akitaja kitu ambacho hakipo kwenye fomu yako. Wengi wanataja swala. Wengi wanataja choo, na sababu si usafi tu. Baba mtu mzima anayeishi na mwanawe na mkwewe, mwana akienda kazini anayebaki ni mkwe, na mkwe kumpeleka baba mkwe chooni ni jambo zito kwa wote wawili. Nimeona wazee wanapunguza kunywa maji ili wasiombe kwenda. Kwa hiyo hapo choo kinakuwa namba moja hata kama kwa macho yako mkono ndo tatizo kubwa.

HATUA YA 4: Angalia mwili, kwa ufupi

Anakaa bila kuegemea? Anasimama? Mkono dhaifu unanyanyuka, unashika, UNAACHIA (kuachia ndo kugumu, watu wanasahau kupima)? Mfumbe macho uguse vidole, aseme umegusa kipi, kisha jaribu chupa ya maji baridi na ya uvuguvugu, maana mkono usiosikia joto ukikaa karibu na jiko la mkaa utaungua na mwenyewe hajui.

Macho yapime vizuri. Mpe sahani ya wali uone kama anaacha nusu ya upande mmoja. Anayeacha anaweza kuwa na moja ya matatizo mawili. Wapo walioondokewa na uoni wa upande mmoja, huyu ukimwambia geuza kichwa anageuza na anaona na kesho atakumbuka. Na wapo ambao ubongo umeusahau upande ule kabisa, hasa wa kushoto, huyu hajui kama kuna kitu kinakosekana, ananyoa nusu ya ndevu, anagonga mlango kwa bega. Huyu wa pili ndo wa kumchunga sana, anaweza kutembea vizuri ukadhani kapona kumbe barabarani hatari. Vipimo vya akili vya karatasi, kama vile vya kuchora saa na mchemraba, kwa mtu ambaye hakukaa darasani vinamwonea. Mwambie apike chai. Utaona kama anajua kinachotangulia, kama anasahau moto, kama anakwama katikati.

HATUA YA 5: Mtazame akifanya

Hapa ndo kazi yenyewe. Fomu ya Barthel ilichapishwa mwaka 1965 na bado tunaitumia, ina vitu 10: kula, kuoga, kujipamba, kuvaa, haja kubwa, haja ndogo, kutumia choo, kuhama kitandani kwenda kwenye kiti, kutembea na kupanda ngazi, jumla alama 100. Sasa watu wengi wanaijaza vibaya. Barthel inataka ANACHOFANYA, siyo anachoweza, na akihitaji mtu asimame pembeni tu kumwangalia basi bado hajajitegemea. Mimi pembeni naongeza safu yangu ya kalamu, naandika ANAWEZA. Pale safu mbili zinapoachana ndipo nianzie, kwa sababu hapo hakuna haja ya kusubiri misuli, familia ikirudi nyuma hatua moja tu mgonjwa anapanda.

Choo. Nenda naye hadi mlangoni, njia nzima. Kipo nje? Usiku kuna taa? Njia ina mchanga, ina kamba za kuanikia? Kuchuchumaa kunadai goti na kifundo vyote viwili viwe imara, wengi hawawezi miezi ya mwanzo. Suluhisho la bei ya kawaida ni kiti imara cha plastiki kilichotobolewa katikati au kigoda cha mbao ambacho fundi wa mtaani atakichonga, miguu yake isiteleze kwenye sakafu ya maji, na bomba la chuma ukutani upande wake MZIMA. Kopo la maji liwe usawa wa mkono wake, lisiwe chini.

Halafu kuna jambo ambalo vitabu vyetu havikugusa. Aliyepooza kulia amebaki na mkono wa kushoto, na kushoto ndo mkono wa kujisafishia. Anaona aibu kula nao mbele za watu, basi anakataa kula au anaomba alishwe, nawe ukiandika "hawezi kula" umekosea. Usimlazimishe. Ongea naye faragha, mpe kijiko, sabuni na maji ya kutiririka viwe karibu, na kama ni Muislamu familia imuulize sheikh wao, mwenye udhuru ana ruhusa, kama ilivyo kwa kuswali amekaa. Akisikia kutoka kwa sheikh inamwingia kuliko akisikia kwangu.

Kuvaa ni kanuni moja: mkono mgonjwa unaingia kwanza na unatoka mwisho. Dera na kanzu ni rahisi, kanga na shuka kufunga kwa mkono mmoja ni kazi, shonesha lastiki. Kuoga, akae kwenye kiti, maji kwenye ndoo iliyoinuliwa, mtu apime joto kwa mkono unaosikia. Ngazi: kupanda mguu mzima unatangulia, kushuka mguu mgonjwa unatangulia, fimbo mkono mzima.

HATUA YA 6: Pima nyumba

Toa tepu. Kitanda kiwe usawa wa goti lake, kikiwa chini sana weka matofali imara chini ya miguu. Mikeka na mazulia madogo yatoke njiani. Mlango pima upana halisi, na kitimwendo pima hadi nje ya magurudumu na uongeze nafasi ya mikono. Rampu (njia ya mteremko ya kupitishia kitimwendo) ni 1 kwa 12, kizingiti cha sentimita 15 kinataka rampu ya sentimita 180, fupi zaidi ya hapo anayesukuma atashindwa. Kama ni mama anayeishi kwa kukaanga vitumbua, nenda hadi pale anapokaangia, jiko linyanyuliwe asiiname, karai likae upande anaouona.

HATUA YA 7: Anayemuuguza

Mtoe nje uongee naye peke yake. Analala? Mgongo unamuuma? Nani anampokea? Mara nyingi ni binti mmoja na hajawahi kuulizwa. Mfundishe kunyanyua pale pale, arudie mbele yako.

HATUA YA 8: Andika malengo 3, yasizidi

Siyo "aboreke kujihudumia". Andika hivi: "Ndani ya wiki 4 baba ataenda choo cha nje mchana kwa fimbo, atakaa na kusimama mwenyewe akishika bomba, mtu akiwa uani tu." Bandika ukutani kwa Kiswahili, kila mwananyumba ajue kazi ipi ni ya mgonjwa na asimnyang'anye.

Ukirudi, rudi saa ileile, fomu ileile, maharage yaleyale. Maharage yakiongezeka kwa punje 2 au zaidi hayo ni mabadiliko ya maana hata kama Barthel haijasogea. Vyote vikiganda usiandike haraka kwamba amefikia mwisho. Kagua bega kama linauma, kagua dawa kama zinamlaza, na kagua huzuni, kwa sababu karibu mtu 1 kati ya 3 baada ya kiharusi anapata sonona na familia inasema amekuwa mvivu. Huyo anahitaji daktari kwanza, kisha rudini kwenye choo mlipoishia.